Maumivu ya viungo yanayokuamsha usiku: yanatoka wapi na utayatulizaje

Mchana mtu amelima, amechota maji, ameenda gulioni na kurudi kwa miguu. Goti lilimsumbua kidogo tu. Usiku, saa nane au saa tisa, linamwamsha kwa maumivu ambayo hakuyasikia alipokuwa juani. Anageuka kulia, anageuka kushoto, mwishowe anaketi kitandani akilikanda kwa mikono mpaka jogoo anawika. Kesho yake anashinda mchovu, na jioni anapitia dukani kununua vidonge viwili vya diklofenaki ili walau apate usingizi. Mwezi ukipita, vidonge viwili vimekuwa vya kila usiku.

Makala haya yanahusu usiku wa namna hiyo. Maumivu ya viungo yanayovunja usingizi yana sababu nyingi. Baadhi hutulizwa nyumbani kwa kupanga vizuri malazi na kazi za mchana. Nyingine zinahitaji daktari mapema, na chache zinahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kidonge cha kila usiku huzifunika zote kwa blanketi moja, usiweze kujua unaumwa nini.

Kwa nini maumivu hungoja usiku

Mwili una homoni yake ya kupunguza uvimbe, iitwayo kotisoli. Kiasi chake katika damu hushuka jioni, hufika chini kabisa karibu na saa sita usiku, kisha huanza kupanda kuelekea alfajiri. Katika saa hizo za kati, uvimbe wa viungo hukosa kizuizi chake cha kawaida. Ndiyo sababu wenye viungo vilivyovimba huamka saa tisa au saa kumi usiku, na asubuhi hukuta vidole vimekakamaa.

Kisha kuna kulala tuli. Kiungo hulainishwa na ute wake kinapokunjwa na kukunjuliwa. Kikikaa muda mrefu bila kusogea hukaza, na ukigeuka ghafla kinachoma. Bega na nyonga zina shida ya ziada, kwa kuwa ukilala upande, uzito wa mwili unaelemea papo hapo panapouma.

Tena mchana kuna mbuzi, watoto, soko na redio. Usiku akili haina kingine cha kusikiliza ila goti. Na usingizi ukikatika, kesho yake mwili husikia maumivu kwa ukali zaidi hata kama kiungo hakikuharibika zaidi ya jana. Maumivu yanaharibu usingizi, na ukosefu wa usingizi unaongeza maumivu. Kwa hiyo kurudisha usingizi ni sehemu ya tiba.

Na baridi je? Jina "baridi yabisi" limewafanya wengi waamini kwamba ugonjwa unaingia kwa kulala chini au kunyeshewa. Baridi hukaza misuli na kuvifanya viungo viwe vizito, na ndiyo maana watu wa Makete au Nyandarua hulalamika zaidi Juni na Julai. Lakini baridi haisagi goti, wala haileti jongo. Watu wa Lamu na Mtwara, wanaolala na joto, wanaugua viungo vile vile.

Angalia maumivu yanakujaje

Kabla ya kutafuta dawa, jiulize maswali machache: Kinauma kiungo kimoja au vingi? Yalianza ghafla au polepole? Kuna uvimbe, wekundu au joto? Asubuhi unachukua muda gani mpaka viungo vilainike? Majibu haya yanamsaidia mganga kuliko neno "naumwa miguu".

Kinachowasumbua watu wazima wengi ni kusagika kwa viungo. Mwishoni mwa mfupa wa kuku kuna kitu cheupe, kigumu lakini laini, ambacho watoto hupenda kukitafuna. Hilo ndilo gegedu. Kwenye goti la binadamu gegedu hupungua na kuchakaa kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwa aliyewahi kuumia goti, mwenye uzito mkubwa, au aliyebeba mizigo mizito miaka mingi. Maumivu yake huja na kazi na hutulia ukipumzika. Asubuhi goti huwa gumu, lakini kwa kawaida hulainika kabla ya nusu saa. Likianza kukuamsha usiku, mara nyingi ni ishara kwamba limechakaa sana, au kwamba mchana ule lilizidishiwa kazi.

Hapa niseme neno kuhusu bamia. Wengi wameshauriwa kunywa maji ya bamia ili kurudisha "ute wa magoti". Hakuna ushahidi kwamba ute wa bamia unatoka tumboni kwenda gotini, kwani unasagwa tumboni kama chakula kingine. Bamia ni mboga nzuri, ile kwa ugali.

Baridi yabisi yenyewe, ile ambayo madaktari huiita kwa jina hilo, ni kitu kingine. Kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo. Huanza zaidi kwenye viungo vidogo vya vidole na viganja, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Usiku wake ni mbaya, hasa kuelekea alfajiri, na ukakamavu wa asubuhi unaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mama anayeshindwa kufunga vifungo vya sare ya mtoto asubuhi, lakini mchana anaweza kufua, ana sababu ya kwenda kupimwa. Ugonjwa huu una dawa zinazouzuia usipindishe vidole, ila zinafanya kazi vizuri zaidi zikianzwa katika miezi ya mwanzo. Dawa inayotumika sana, methotreksati, humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa kukosea ni sumu inayoweza kuua, hivyo andika siku yako ukutani.

Jongo, ambalo wengine huliita gauti, lina tabia ya mwizi. Mtu analala mzima, na usiku wa manane kidole gumba cha mguu kinavimba, kinakuwa chekundu na chenye moto, hata shuka likigusa hawezi kuvumilia. Hatari ya shambulio kuanza kati ya saa sita usiku na saa mbili asubuhi ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mchana. Kinachosababisha ni asidi ya yuriki iliyozidi katika damu, ikaganda kama sindano ndogo ndani ya kiungo. Bia, nyama nyekundu kwa wingi, maini na figo, soda na vinywaji vya sukari, na kukosa maji mwilini huchochea. Baadhi ya vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo navyo hupandisha asidi hiyo. Usiviache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Habari njema ni kwamba maharage na mboga za majani havijaonekana kuongeza hatari ya jongo, ingawa wagonjwa wengi wamekatazwa. Kwa kaya ambayo nyama ni ya sikukuu na maharage ni ya kila siku, katazo hilo ni kuwanyima chakula bure.

Maumivu mengine hufuata homa. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na jina lake ni la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi wagonjwa walivyoinama kwa maumivu. Inaenezwa na mbu wanaouma mchana. Wengi hupona ndani ya wiki chache, lakini wapo wanaobaki na maumivu ya vifundo na viganja kwa miezi, hata mwaka na zaidi. Wakati homa bado ipo, tumia parasetamoli tu. Dalili za chikungunya zinafanana na za dengi, na kwa mgonjwa wa dengi aspirini na diklofenaki zinaweza kuleta kutoka damu.

Kwa wafugaji, na kwa yeyote anayekunywa maziwa mabichi, ipo brusela. Huja na homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo, nyonga au magoti. Wengi hutibiwa malaria mara mbili tatu kabla ya mtu kuwaza jambo jingine. Ikiwa ng'ombe au mbuzi wako wametupa mimba, na wewe uliwasaidia kwa mikono mitupu, litaje hilo kituoni hata kama hukuulizwa. Tiba ni ya dawa zaidi ya moja kwa wiki sita au zaidi. Ukiacha wiki ya pili kwa sababu umepata nafuu, inarudi.

Mwisho, yapo yanayodhaniwa kuwa ya viungo na siyo. Mikono inayokufa ganzi usiku, hasa gumba na vidole viwili vinavyofuata, mpaka unaamka na kuikung'uta, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kiwiko cha kiganja. Wanaokamua, wanaokata kwa panga na wajawazito huupata sana. Nyayo zinazowaka moto usiku ni za kupimwa sukari. Mafuta ya kuchua hayatayafikia hayo.

Mtoto anayelia miguu usiku

Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na miwili anaweza kulia usiku kwamba miguu yote miwili inamuuma, akakandwa, akalala, na asubuhi akaamka anakimbia. Hayo huitwa maumivu ya kukua, na hayana madhara.

Ni tofauti akichechemea asubuhi, ikiwa ni mguu mmoja tu, ikiwa kuna uvimbe au homa, au akikataa kucheza. Mtoto anayepata maumivu makali ya mikono, miguu au mgongo mara kwa mara, na ambaye macho yake huwa ya njano au amewahi kuongezewa damu, apimwe selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi duniani zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Usiku wenye baridi na mtoto asiyekunywa maji ya kutosha ni mlango wa maumivu hayo. Mfunike vizuri, mpe maji mengi mchana na jioni, na maumivu yakizidi parasetamoli mpeleke hospitali bila kungoja kukuche.

Tena kumbuka koo. Mtoto aliyeumwa koo, na wiki mbili hadi nne baadaye magoti yakavimba, yakaachia, yakahamia vifundo, huenda ana homa ya rumatiki. Viungo vitapona. Moyo ndio unaoweza kubaki na valvu zilizoharibika maisha yote, na unaweza kulindwa kwa sindano za penisilini zinazochomwa kwa ratiba.

Usingoje asubuhi, usingoje wiki

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto, kisichokunjika, pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani. Kiungo cha namna hiyo huharibika kabisa ndani ya siku chache. Usikichue, usikichanje, usikifunge majani. Panda pikipiki uende.

Nenda haraka vile vile ikiwa umeanguka na huwezi kukanyaga. Maumivu ya mgongo yakifuatana na miguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au mkojo kukataa kutoka, hiyo ni dharura. Na maumivu ya usiku yasiyopungua kwa mkao wowote, yanayoongezeka wiki kwa wiki huku mwili ukikonda au ukitokwa jasho la kulowesha shuka, yanahitaji uchunguzi wa kifua kikuu cha mifupa na wa saratani. Wazee wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa miezi kwa sababu kila mtu nyumbani alisema "ni uzee tu".

Vidonge vya dukani

Diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini, piroksikamu na aspirini ni ndugu wa ukoo mmoja. Zinapunguza uvimbe kweli, na kwa siku chache, baada ya chakula, kwa mtu mwenye figo na tumbo zima, zina kazi yake. Tatizo ni kuzigeuza dawa ya usingizi. Zikitumiwa mfululizo huchubua tumbo, na kidonda kinaweza kutoa damu bila kuuma kwanza. Choo kikiwa cheusi kama lami, ziache na uende hospitali. Hupandisha presha, huumiza figo, na huongeza hatari ya shambulio la moyo. Hatari ni kubwa kwa wazee, wenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo, na kwa anayefanya kazi juani bila kunywa maji. Mjamzito asitumie bila kuandikiwa, hasa nusu ya pili ya mimba. Na kumeza diklofenaki pamoja na ibuprofeni hakuongezi nafuu, kunaongeza madhara tu.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita panadoli, ni salama zaidi kwa tumbo na figo, ingawa kwa goti lililosagika sana huenda isitoshe. Mtu mzima wa uzito wa kawaida asizidishe vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, apishe angalau saa nne hadi sita, na asizidi vidonge vinane kwa saa 24. Mdogo wa mwili, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe anahitaji kipimo kidogo zaidi. Soma pakiti, kwa sababu vipo vidonge vya mchanganyiko ambavyo ndani yake tayari kuna parasetamoli na diklofenaki. Ukivimeza na panadoli juu yake umejizidishia bila kujua.

Dawa ya kupaka ya diklofenaki ni chaguo zuri kwa goti na vidole. Inaingia kidogo sana kwenye damu, hivyo tumbo linapata ahueni. Paka kwenye ngozi isiyo na jeraha, nawa mikono, na usiweke chupa ya maji ya moto juu yake.

Kuna kitu ninachokiogopa kuliko diklofenaki, nacho ni unga au vidonge visivyo na jina, vinavyouzwa mnadani au kwenye basi, ambavyo "vinamaliza maumivu usiku wa kwanza". Maabara za nchi mbalimbali zimekuta ndani ya dawa zinazoitwa za asili predinisoloni, deksamethasoni au diklofenaki. Predinisoloni ikitolewa na daktari kwa kipimo ni dawa nzuri. Ikinywewa kwa miezi bila kujua, uso unavimba na kuwa wa mviringo, sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, na vijidudu vinapata nafasi. Kama umekunywa kitu cha namna hiyo kwa wiki kadhaa usikiache ghafla, kwa kuwa mwili huwa umeacha kutengeneza kotisoli yake na unaweza kuanguka. Kibebe kilivyo uende nacho hospitali.

Kupanga malazi

Kitanda cha kamba kilicholegea katikati hukunja mgongo na nyonga usiku kucha. Kaza kamba, au weka mbao chini ya godoro. Kulala chini kwenye mkeka hakuleti ugonjwa, ila kuinuka kutoka chini ni adhabu kwa goti. Kama kitanda ni kifupi, weka tofali moja imara chini ya kila mguu wake, ili ukiketi ukingoni magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Utainuka bila kujivuta.

Anayeumwa goti au nyonga alale upande usiouma, na mto au blanketi lililokunjwa kati ya magoti. Anayelala chali anaweza kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya magoti kwa muda mpaka alale, lakini asilizoeze goti kukaa limekunjwa juu ya mto mnene kila usiku. Misuli ya nyuma hufupika, na baada ya miezi goti linakataa kunyooka. Anayeumwa bega alale upande wa pili, akikumbatia mto au kanga zilizokunjwa ili mkono usining'inie mbele. Kwa ganzi ya mikono, funga kiganja usiku kikiwa kimenyooka, kwa kibao chepesi na kitambaa kisichobana.

Joto husaidia kiungo kilichokaza. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, ifunge vizuri, izungushie kanga, na iweke kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kulala. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zina ganzi asiweke chupa ya moto miguuni, ataungua bila kusikia. Na kiungo chekundu chenye moto, kama cha jongo, hupendelea kitambaa kilicholoweshwa maji baridi.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Kwenye miinuko yenye baridi watu huliingiza "kupasha mifupa joto" na kufunga dirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Hata mkaa uliobaki makaa mekundu tu bila moshi unaitoa. Ongeza blanketi, vaa soksi, tumia chupa.

Kisha kuna choo. Kwa mwenye magoti mabovu, safari ya choo cha shimo saa tisa usiku ni maumivu mara mbili, kuamka na kuchuchumaa, na wazee wengi huvunjika nyonga njiani. Ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao kikawekwa juu ya tundu la choo. Weka tochi au simu mahali mkono unapofika. Punguza maji saa mbili za mwisho kabla ya kulala, lakini usipunguze ya mchana. Kidonge cha kuongeza mkojo, kama unakitumia, muulize daktari kama unaweza kukimeza asubuhi badala ya jioni.

Kazi ya mchana

Goti lililosagika linahitaji misuli ya paja yenye nguvu, na mazoezi ni tiba ambayo wataalamu huitaja kwanza, kabla ya vidonge. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke kabisa, hesabu moja hadi tano, ushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Likishazoeleka, simama na uketi kwenye kiti bila kushika kwa mikono, mara tano, kisha kumi. Goti linaweza kulalamika kidogo wiki za mwanzo. Kama kesho yake maumivu yameshatulia, endelea. Yakizidi au goti likivimba, punguza idadi. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki sita hivi, na wengi huacha wiki ya tatu.

"Lakini nalima kutwa, mazoezi ya nini?" Ni swali la haki. Kulima kunachosha mgongo na magoti yaliyokunjwa, lakini hakujengi misuli ya mbele ya paja kwa mpangilio. Tena kulima ni mzigo. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 zaidi, na goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito huo kila hatua. Kama kuna toroli, baiskeli au kijana wa kutuma, tumia. Chota madumu madogo mara nyingi. Palilia nusu saa ukiinama, kisha badili kazi, pukuchua mahindi ukiwa umeketi, urudi. Mpini mrefu wa jembe unakuokoa mgongo. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua.

Siku ya mavuno au ya msiba, ukijua utasimama kutwa, jua pia kwamba usiku utakuwa mgumu. Hiyo ndiyo siku ya kumeza parasetamoli kabla ya kulala, badala ya kuimeza kila siku.

Kuhusu usingizi wenyewe yapo machache tu. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana, zinakaa mwilini kwa saa nyingi. Pombe hulaza haraka lakini huamsha usiku wa manane, na huamsha jongo pia. Amka saa ile ile kila siku hata kama ulilala vibaya, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Ukiamka usiku na dakika kama 20 zimepita bila usingizi, inuka taratibu, nyoosha viungo, tembea chumbani kidogo, urudi. Kubaki umelala ukipigana na goti kunaufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kuteseka.

Ukienda kituoni

Viungo vina ujanja wa kuvimba alfajiri na kuwa vizima saa nne asubuhi unapomfikia mganga. Tumia simu. Piga picha ya kiungo kikiwa kimevimba, pamoja na kile cha upande wa pili kwa kulinganisha. Piga picha ya pakiti zote za dawa ulizomeza mwezi huo, na za kienyeji pia. Kwa usiku tatu mfululizo jirekodi kwa sauti au andika ujumbe: uliamka saa ngapi, kiliuma nini, asubuhi ulichukua muda gani kulainika.

Jua pia kwamba vipimo haviamui peke yake. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha goti lililochakaa kwa mtu asiyeumwa, na nzuri kwa anayeumwa. Kipimo cha damu cha baridi yabisi huwa hasi kwa baadhi ya wagonjwa, na asidi ya yuriki inaweza kuonekana ya kawaida wakati wa shambulio lenyewe. Kama umeambiwa "hakuna kitu" na bado unaamka kila usiku, rudi na picha zako, uombe rufaa. Uliza pia kama hospitali ya wilaya ina mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa wachache hujua kwamba wanaweza kuomba kumwona.